Kutoka Kupokea Simu hadi Kujenga Mifumo

Mazungumzo ya leo yanawahusu vijana waliosomea kompyuta, mawasiliano ya simu au elektroniki, pamoja na wazazi waliowalipia ada. Wengi wa vijana hao waliingia chuoni wakitaka kuwa wahandisi, watu wa kubuni na kujenga mifumo. Wakimaliza, kazi inayojitokeza kwanza mara nyingi ni ya dawati la msaada: kuvaa hedifoni, kupokea malalamiko, kurekebisha maneno ya siri yaliyosahaulika, kumwelekeza mteja azime ruta na kuiwasha tena. Barua ya ajira ikifika nyumbani, mjadala unaanza. Mzazi anasema kazi ni kazi, aende akaanze. Rafiki anamwonya kwamba akiingia huko hatatoka. Mwenye barua anabaki katikati, na siku za kutoa jibu zinakwisha.

Jibu la mazungumzo haya ni kwamba aichukue, ila kwa sharti. Aifanye kama kazi ya kutafuta chanzo cha hitilafu, na aifanye mahali ambapo kutafuta chanzo kunaruhusiwa. Sharti hilo ndilo linalowatenganisha watu wawili waliokaa dawati moja, zamu moja, kwa mshahara uleule, lakini baada ya miaka mitatu mmoja anajenga mifumo na mwenzake bado anawasomea wateja maelekezo yaleyale kutoka kwenye skrini.

Chukua mfano wa mita za umeme. Mwaka 2024, wateja wa malipo ya kabla wa TANESCO nchini Tanzania na wa Kenya Power nchini Kenya walitakiwa kuboresha mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Mteja aliyenunua umeme alipewa tarakimu za ziada, akaambiwa aziingize kwanza, ndipo aingize tokeni yenyewe. Ambaye hangefanya hivyo, baada ya tarehe hiyo mita yake ingekataa tokeni mpya. Si vigumu kuwaza simu zilizoletwa na jambo hilo. Mama anauliza kwa nini namba zimekuwa nyingi. Mzee anauliza kama ni utapeli. Fundi wa mtaani ameziingiza kinyume na mpangilio na mita imekataa.

Mhudumu alikuwa na maelekezo ya kumsomea mteja, na kwa mteja yalitosha. Lakini nyuma yake kulikuwa na somo zima la uhandisi. Kila tokeni ya mita za aina hiyo hubeba namba ya utambulisho, na namba hiyo ni hesabu ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993. Mita hutumia namba hiyo kuikumbuka tokeni iliyokwisha kutumika, ili mtu asiiingize mara mbili. Waliobuni utaratibu huo waliitengea hesabu hiyo nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo inabeba thamani 16,777,216 na haiwezi kuzidi hapo. Dakika hizo ukizigeuza kuwa miaka, unapata karibu miaka 32. Kuanzia Januari 1993, zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024.

Namna ya kulitatua jambo hilo inafundisha zaidi. Mita nyingi za aina hii hazina mtandao. Hakuna namna ya kuzitumia masahihisho kutoka makao makuu kama simu janja inavyopokea toleo jipya. Ili hesabu ianze upya, ufunguo mpya wa siri ulipaswa kuifikia kila mita kwa vidole vya mwenye nyumba, kupitia tarakimu zilezile zilizowachanganya watu. Mhudumu aliyejiuliza kwa nini ilikuwa hivyo, akatafuta, akasoma, alitoka kwenye msimu huo akielewa ukubwa wa namba katika kumbukumbu ya mashine, matumizi ya funguo za siri, na ugumu wa kurekebisha vifaa vilivyotawanyika nchi nzima. Hayo ni maarifa ambayo mwanafunzi hulipia ada ili ayasikie darasani, na huyu yalimfikia pamoja na sauti ya mtu aliyekuwa gizani akisubiri umeme.

Wanaosimamia huduma za TEHAMA wanaujua vizuri mstari unaotenganisha kumsomea mteja maelekezo na kutafuta chanzo. Mwongozo wa ITIL, uliotokana na kazi ya serikali ya Uingereza katika miaka ya 1980 na ambao leo hutumiwa na mashirika mengi duniani, unatenganisha kazi mbili. Ya kwanza ni kumrudishia mteja huduma haraka. Ya pili ni kutafuta chanzo kilichoikata huduma, ili isikatike tena kwa sababu ileile. Dawati la msaada huajiriwa kwa kazi ya kwanza na hupimwa kwa hiyo. Mhandisi hutambulika kwa ya pili. Kwa hiyo anayetaka kuvuka hana haja ya kusubiri cheo. Aanze kufanya kazi ya pili akiwa bado kwenye kiti cha kazi ya kwanza, hata kama ni kwa tiketi moja, yaani lalamiko moja lililoandikishwa, kwa wiki.

Wapo wanaodhani kwamba ujuzi wa dawati la msaada ni wa chini, na ule wa kweli uko ghorofa ya juu kwa waandishi wa programu. Historia ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, inaonyesha vingine. Kabla ya kuzinduliwa, huduma hiyo ilifanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2005, Nairobi na Thika, chini ya Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone wakishirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa kumwezesha mkopaji kupokea mkopo na kuulipa kwa simu. Timu ilikaa karibu na wateja wake wachache, ikawafundisha matumizi na kuwasikiliza. Ikaona mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Watu walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Wafanyabiashara walilipana. Wengine waliweka fedha kwenye simu kabla ya safari, wakazitoa walikofika, ili wasibebe noti njiani. Huduma iliyozinduliwa nchini Kenya Machi 2007 ilisimama juu ya jambo hilo walilolifanya wateja wenyewe: kutuma pesa nyumbani. Mikopo ikawekwa kando.

Kisa kingine kimetoka kwenye huduma hiyohiyo. Hakuna mhudumu wa pesa za simu asiyeijua simu ya mtu aliyekosea tarakimu moja na pesa zikaenda kwa mgeni. Mhudumu akifanikiwa kuzirudisha, mteja mmoja ametulia. Kesho anapiga mwingine. Safaricom iliweka utaratibu wa mteja kuomba mwenyewe marejesho kwa kuutuma ujumbe wa muamala kwenda namba 456. Iliweka pia huduma ya Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la anayetumiwa na kumwachia sekunde chache za kusitisha. Tazama mwendo wenyewe: malalamiko yaleyale yanajirudia, mtu anayahesabu, mwingine anabadilisha programu, na kosa linazuiwa kabla halijatokea. Aliye karibu zaidi na hatua ya kwanza ya mwendo huo ni mhudumu, na hakuna sheria inayomkataza kusogea hadi hatua ya pili.

Vifaa vingi vya wahandisi vilizaliwa hivyohivyo, mikononi mwa watu waliokuwa wakihangaika na hitilafu. Ping, amri ambayo kila mtu wa mitandao huijaribu kwanza, iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss katika maabara ya jeshi la Marekani, baada ya kuuona mtandao wao ukienda ovyo. Alihitaji njia ya kuiuliza mashine ya mbali kama inamsikia, naye akaitengeneza. Zaidi ya miaka 40 imepita na amri hiyo bado inatumika.

Siku moja Afrika Mashariki yote ilipata kwa pamoja somo la kutafuta hitilafu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Kwa mteja, malalamiko yalikuwa ya maneno mawili: mtandao haupo. Kwa aliyekuwa kwenye dawati, maneno hayo yalipaswa kuchambuliwa. Je, simu yake inaunganishwa na ruta? Ruta inaufikia mtambo wa kampuni? Tovuti zinazohifadhiwa nchini zinafunguka huku za ng'ambo zimegoma? Anayeuliza kwa mpangilio huo anapunguza mashaka hatua kwa hatua mpaka hitilafu ibaki peke yake. Hiyo ni kazi ya uhandisi, hata kama kwenye kitambulisho chake pameandikwa huduma kwa wateja.

Yuko mtu anayejulikana sana katika fani hii ambaye njia yake ilipita hukohuko chini. Kelsey Hightower wa Marekani hana shahada ya chuo kikuu. Alijisomea, akapata cheti cha A+ cha CompTIA, ambacho kwa watu wengi ni cheti cha kwanza cha ufundi wa kompyuta, akaajiriwa na kampuni ya simu ya BellSouth kuwaunganishia wateja intaneti ya DSL. Baadaye alifungua duka lake la kompyuta, akasimamia mifumo, akajifunza lugha ya programu ya Python ili mashine imfanyie kazi aliyokuwa akiirudia kwa mkono. Kutoka hapo alipita kampuni za Puppet Labs na CoreOS, hatimaye Google, alikofika daraja la Distinguished Engineer, mojawapo ya madaraja ya juu kabisa ya wahandisi wa kampuni hiyo, kabla ya kustaafu mwaka 2023. Kazi yake inayofahamika zaidi ni mwongozo wa bure unaoitwa Kubernetes the Hard Way, unaomshika mkono msomaji na kumjengesha Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, kipande kwa kipande mpaka aelewe kila kimoja kipo kwa nini. Ukiusoma, unamwona mtu aliyezoea kukaa na asiyejua bila kumdharau.

Hata hivyo, kumtaja Hightower bila kutaja hatari kungekuwa kuwadanganya vijana. Wapo wanaoingia kwenye dawati la msaada na kukwama humo, na mara nyingi kosa si lao. Katika vituo vingi vya simu, mhudumu hupimwa kwa wastani wa muda wa simu. Akizungumza na mteja kwa muda mrefu ili ajue kiini, alama zake zinashuka. Haruhusiwi kuona kumbukumbu za mfumo, hana njia ya kuwafikia wahandisi, na tiketi aliyoipandisha ngazi ya pili hairudi kumweleza ilikwishaje. Zamu za usiku zinamchosha asiweze kusoma. Mwaka unapita, wa pili unafuata, na kwenye wasifu wake wa kazi hakuna alichokijenga.

Bill Price, aliyewahi kuongoza huduma kwa wateja ya Amazon, aliandika pamoja na David Jaffe kitabu cha mwaka 2008 kiitwacho The Best Service Is No Service. Hoja yao ni kwamba simu ya mteja ni dalili ya kitu kilichoharibika mahali fulani, na kampuni yenye busara huiondoa sababu ya simu badala ya kushindana kuijibu haraka. Kampuni isiyoamini hivyo haiwezi kumkuza mhudumu kuwa mhandisi, kwa sababu haioni kwamba anachokisikia kina thamani.

Akili bandia nayo imeongeza uzito wa jambo hili. Mwaka 2024 kampuni ya Klarna ya Sweden ilitangaza kwamba programu yake ya mazungumzo inafanya kazi inayolingana na ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata ikageuka na kuanza kuajiri watu tena kwa ajili ya huduma kwa wateja. Maswali mepesi, yale ya salio na maneno ya siri, yanaelekea kuachiwa mashine. Yanayobaki kwa binadamu ni magumu, yasiyo na jibu kwenye orodha. Anayejua kusoma maelekezo tu atasukumwa nje mapema. Anayejua kuchimba atahitajika zaidi, na hii ni sababu nyingine ya kutopoteza hata miezi ya mwanzo.

Basi afanye nini? Kwanza, ajifunze kuandika taarifa ya hitilafu kama mhandisi anavyotaka kuipokea: mteja alikuwa akifanya nini, alitarajia nini, kilitokea nini, saa ngapi, kwenye simu au kompyuta ya aina gani, toleo lipi la programu, na je, hitilafu inajirudia ukifuata hatua zilezile. Taarifa ya namna hiyo humwokolea mhandisi muda mwingi, na jina la aliyeiandika halisahauliki. Wengi waliovuka walivuka hivi, kwa sababu siku nafasi ilipotokea, wahandisi walikuwa tayari wanamjua mtu ambaye tiketi zake zinaeleweka.

Pili, achague tiketi moja inayojirudia na aifuate mpaka mwisho wake. Ajifunze SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ya kutosha kuhesabu ni lalamiko lipi linaongoza kwa mwezi. Azoee Linux, kwa kuwa seva nyingi zinaendeshwa nayo. Ajifunze Python, na kazi yake ya kwanza iwe kuandika programu fupi ya kufanya jambo ambalo yeye na wenzake wanalifanya kwa mkono kila asubuhi. Programu hiyo, hata ikiwa ya mistari 50, ina uzito zaidi kuliko cheti, kwa kuwa anaweza kueleza tatizo lilikuwa nini, nani aliumia, na nini kilibadilika. Google yenyewe iliuweka utaratibu huu wa kupunguza kazi za mkono kwenye uendeshaji wa mifumo yake. Timu iliyoanzishwa na Ben Treynor Sloss mwaka 2003 kulinda uimara wa huduma za kampuni ilijiwekea mpaka kwamba kushughulikia tiketi, dharura na kazi za mkono kusizidi nusu ya muda wa mhandisi. Nusu nyingine ni ya kujenga vitu vitakavyoipunguza kazi hiyo.

Tatu, asome kwa mpangilio. Cisco Networking Academy imekuwepo tangu 1997, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinafundisha masomo yake. Google ilianzisha cheti chake cha msaada wa TEHAMA mwaka 2018, chenye masomo ya mitandao, mifumo ya uendeshaji, usimamizi wa mifumo na usalama, kisha mwaka 2020 ikaongeza kingine cha kutumia Python kuendesha kazi hizo. Ukitazama namna hivyo viwili vinavyofuatana, utaona njia yenyewe imechorwa: kwanza elewa kinachoharibika, halafu andika programu ya kukishughulikia.

Kwa Tanzania kuna jambo la kisheria la kuliangalia mapema. Cheo cha mhandisi kinasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhitimu wa uhandisi anayetaka usajili kamili hupitia mafunzo kazini, ambayo tangu 2003 bodi inayaendesha kwa mpango wa miaka mitatu. Kupokea simu peke yake hakuhesabiki kuwa mafunzo hayo. Mwenye shahada ya uhandisi na aiulize bodi na mwajiri kabla hajasaini. Anayelenga kuandika programu au kusimamia seva kwenye kampuni binafsi hana kikwazo hicho. Atapimwa kwa anachoweza kukifanya.

Maswali mengine ni ya siku ya usaili, na yasiogopwe. Katika miaka miwili iliyopita, ni wangapi waliotoka dawati hili kwenda timu ya ufundi? Mhudumu anaruhusiwa kuona kumbukumbu za mfumo? Tiketi ikipandishwa, aliyeipandisha hupata maelezo ya chanzo? Anapimwa kwa muda wa simu au kwa tatizo lisilorudi? Mwajiri akijibu kwa mifano, mlango upo. Akibabaika, kijana anaweza bado kuichukua kazi kwa sababu ya kodi ya nyumba na nauli, na hakuna aibu katika hilo, lakini aingie akijua kwamba atakaa muda mfupi na atajisomea mwenyewe.

Waajiri nao wana sehemu yao. Katika lori, utingo hukaa pembeni ya dereva safari nzima, akiona kila kona na kila kilima, na ndiyo sababu wengi wao hatimaye hushika usukani. Kampuni nyingi zimewaweka wahudumu wao jengo tofauti, mara nyingine chini ya wakala tofauti, halafu zinalalamika kwamba wahandisi wenye uzoefu hawapatikani. Automattic, kampuni inayoendesha WordPress.com, hufanya kinyume: anayeajiriwa, hata awe mhandisi au mhasibu, huanza kwa wiki kadhaa akiwahudumia wateja. Amazon nayo iliwahi kueleza kwamba mhudumu anaweza kuiondoa sokoni bidhaa yenye kasoro mpaka kasoro irekebishwe. Uamuzi huo umeachwa mikononi mwa anayesikia malalamiko.

Benki, kampuni za simu, mashirika ya umeme na maji, hospitali na halmashauri za Afrika Mashariki zote zina dawati la msaada, na zote zina mifumo inayosumbua. Mkuu wa kitengo anayesikiliza matangazo haya anaweza kuanza bila bajeti mpya. Amtoe mhandisi mmoja akae na wahudumu nusu siku kila wiki. Amwalike mhudumu mmoja katika kila kikao cha kuchunguza hitilafu kubwa, na ampe nafasi ya kusema wateja walianza kulalamika saa ngapi na kwa maneno gani. Nafasi ya mhandisi wa ngazi ya chini ikitokea, itangazwe kwenye dawati la msaada kabla ya kwenda kwenye magazeti.